Mahali Alipoangukia Wanjira

Nilitia sahihi kwenye uongo, na hakuna aliyenishika mkono. Naanza na hilo kwa sababu anayeungama hapaswi kuanza na makosa ya mwenzake. Jina langu ni Ruguru, mke wa Nthiga, wa Gachoka. Kwa miaka sita niliuza tikiti katika stesheni ya Mkongeni, na karatasi ile niliyoitia sahihi ilisema kwamba marehemu Wanjira alikuwa mlevi. Wanjira hakuwahi kuonja pombe maishani mwake. Nilijua hivyo nikiandika jina langu.

Mkongeni iko viungani mwa Nairobi. Zamani palikuwa shamba tupu la mkonge, na stesheni ilijengwa kwa ajili ya marobota, wala si watu: nyumba ndogo ya matofali, paa la vigae, na mizani kubwa ya chuma ambayo hadi leo watoto wa shule huipanda wakijipima. Shamba lilipokufa, stesheni ikafungwa na mbuzi wakalala ofisini. Halafu ploti zikauzwa, magorofa yakajaa, watu wakachoka kukaa kwenye jam masaa matatu, na treni ikarudishwa. Moja asubuhi kwenda mjini, saa kumi na mbili na dakika kumi. Hiyo hiyo jioni ikirudi, saa moja kasoro dakika kumi. Tulikuwa na benchi mbili, choo kimoja, bomba ambalo maji yake yalikuja siku yakipenda, na mama wa mayai ya kuchemsha pale langoni. Ilikuwa stesheni maskini, lakini watu waliipenda.

Ubaya wake ulikuwa mmoja. Jukwaa lilijengwa la mabehewa tisa, na treni ya jioni ilivuta kumi na moja. Mabehewa mawili ya mbele, yale yanayofuata kichwa cha treni, yalisimama nje ya jukwaa, juu ya majani na mtaro. Abiria wa huko waliruka chini, na kimo chenyewe kilikuwa cha kifua cha mtu mzima. Kithaka, kaka mkubwa wa mume wangu, ndiye aliyewekwa kule mbele. Kazi yake ilikuwa kuwawekea watu ngazi ya mbao, kungoja hadi wa mwisho akanyage chini, kisha kumwinulia dereva bendera ya kijani. Ndiye aliyenitafutia kazi ya tikiti. Kila Ijumaa tukifunga, tulikimbia pamoja kupanda gari la mwisho la Embu, tulale nyumbani.

Ijumaa moja ya Aprili, mwaka juzi, mvua ilinyesha tangu saa tisa na treni ikachelewa nusu saa. Kithaka alisimama kule mbele na begi lake la nguo begani. Ngazi ya mbao ilibaki imeegemea ukuta wa ofisi, kwa sababu mkono mmoja ulikuwa na begi na mwingine bendera. Watu walishuka wakijifunika mifuko ya plastiki. Mtu mmoja akapiga kelele, "Shemeji, tutaachwa!" Kithaka akainua bendera.

Wanjira, kama Kithaka alivyoniambia baadaye, alikuwa na mguu mmoja kwenye kidato cha behewa la kwanza, na mwingine hewani. Aliita, "Ngoja!" Mkanda wa mkoba wake ulinasa kwenye kishikio, akaanguka, na treni ikamvuta hatua mia mbili hivi, hadi kwenye kijia ambacho watu wa bodaboda hukatiza reli. Hapo ndipo mwili ulikutwa.

Alikuwa wa kwetu, Mbeere, upande wa Siakago. Alishona yunifomu za shule katika duka moja mjini, na kila jioni akipita dirishani kwangu alinisalimia kwa Kimbeere na kucheka, maana wengine wote pale walidhani sisi ni Wakikuyu.

Kwa sababu mwili ulikutwa kwenye kijia, uongo ulikuwa rahisi. Kithaka aliandika kwamba mwanamke huyo alikuwa akikatiza reli bila kuangalia, tena akiyumba kama mlevi. "Tia sahihi hapo, Ruguru," aliniambia. "Nikifungwa mimi, wewe utabaki na kazi gani?" Nikatia.

Siku ya tatu mama yake akaja, na wajomba wawili. Katika ukoo wao, mtu akifia mbali huwa wanakwenda kumchukua, yaani roho yake, kabla ya kumzika. Hawamchukui pale mwili ulipolala, wanamchukua pale alipoangukia. Mmoja huinama pale pale mahali penyewe, anamwita jina mara tatu, anatandaza nguo ya marehemu, anaikunja na kuibeba kifuani hadi nyumbani bila kuiweka chini. Mama Wanjira alikuja na leso ya bintiye. Alipomsikia Kithaka akiongea, uso wake ulifunguka kidogo.

"Mwanangu, kumbe wewe ni wa nyumbani," alisema. "Mungu amenisaidia. Nionyeshe alipoangukia."

Kithaka alimwangalia. Mimi nilikuwa hapo, na ufagio mkononi. Akamwongoza, hatua kwa hatua kando ya reli, akapapita mahali penyewe, akaenda hadi kwenye kijia. Akasema, "Hapa, mama."

Yule mama akapiga magoti kwenye kokoto. Akaita mara tatu. Alipoikunja leso na kuiinua, aliipima mikononi kama mtu anayepima unga.

"Hajaja," alisema. "Ni nyepesi."

"Mama, mvua inarudi," mjomba mmoja akamwambia. "Twende."

Wakaenda. Na kwa sababu ya ile karatasi yetu, kule kwao watu walinong'ona kwamba binti alikuwa mlevi wa Nairobi. Alizikwa kwa robo saa, bila kwaya.

*

Kithaka alistaafu mwaka uliofuata akarudi Gachoka. Mimi niliacha kazi mwezi huo huo. Boma lake na letu linatenganishwa na ua wa minyaa tu, kwa hivyo haya ninayoyasema nusu niliyaona na nusu niliambiwa na mke wake, Lydiah, mwanamke asiye na kosa lolote katika jambo hili.

Lilianza na ndengu. Februari hii Lydiah alivuna ndengu magunia mawili, akazianika kwenye turubai katikati ya uwanja. Ijumaa jioni alitoka kuzikusanya akakuta zimegawanyika. Mistari miwili ilikuwa imepita katikati ya turubai, imenyooka, mitupu, kama mtu amepangusa kwa kidole, na kati ya mstari na mstari kulikuwa na upana wa hatua moja na kidogo.

"Ni kuku," Kithaka alisema.

"Kuku gani hutembea na rula?" Lydiah akamjibu, akacheka. Akakusanya ndengu zake.

Ijumaa iliyofuata vikombe vilianza kutetemeka kabatini. Lydiah alidhani ni lori la mchanga barabarani, lakini barabarani hakukuwa na kitu. Halafu harufu ikaingia sebuleni, ya dizeli na ya chuma kilichoungua, ile harufu ya breki ambayo mtu aliyefanya kazi stesheni hawezi kuisahau. Mume wangu Nthiga alikuwa hapo akitafuna majani ya muguka na kaka yake. Akanusa, akasema, "Haki, serikali imetuletea reli kimya kimya." Hapa Gachoka hatuna reli. Meru haina, Embu haina. Watoto wengi hapa wameona treni kwenye vitabu tu.

Kithaka hakucheka. Alikuwa anaangalia saa ya ukutani. Ilikuwa saa moja kasoro dakika kumi, saa ya treni ya jioni.

Wiki ya tatu, saa hiyo hiyo, Lydiah alikuwa jikoni akisonga ugali. Akaacha mwiko ndani ya sufuria. Akaenda chumbani, akatoka na mkoba wake wa kanisani begani, akasimama kwenye mlango wa mbele akiwa ameshika fremu juu, na mwili wake ukaanza kuyumba taratibu, kushoto na kulia, kushoto na kulia, jinsi watu wanavyoyumba wakiwa wamesimama ndani ya behewa.

"Mama Igoki," Kithaka alimwita kwa jina la binti yao, "unaenda wapi?"

"Tumefika?" Lydiah aliuliza bila kugeuka.

Akashuka. Mlango ule una kidato kimoja tu, kimo chake ni shubiri, hata kuku hukipanda bila kuruka. Lakini Lydiah alianguka kama mtu aliyeteleza kutoka juu ya ukuta. Magoti yote mawili yalichubuka. Alipozinduka hakukumbuka kitu ila baridi ya mvua, na jua lilikuwa limewaka siku nzima.

Ijumaa ya nne alivunjika kifundo cha mkono. Ijumaa ya tano Kithaka alimfungia chumbani, na saa ile ilipofika tulisikia mlango ukigongwa, si kwa ngumi bali kwa bega, polepole, kama unavyogongwa na watu wengi wanaosukumana kutoka, na mwishowe komeo liliruka lenyewe, Lydiah akapita katikati yetu akiwa na mkoba wake, akatembea hadi mlangoni na kushuka kile kidato cha shubiri moja, na nikamwona kwa macho yangu akichelewa hewani, nguo ikipanda juu, muda ambao mtu akianguka kutoka paani angeuchukua, kabla ya kupiga mchanga kwa upande. Hospitalini waliuliza kama ameanguka kutoka kwenye lori. Mbavu mbili.

"Inaongezeka," mume wangu alininong'oneza usiku huo. "Kila wiki, anaanguka kutoka juu zaidi. Ruguru, wiki ijayo itakuwaje?"

Nilijua itakuwaje. Sikumwambia nilijuaje. Hiyo pia naiungama.

*

Tulimwita Pasta Mwenda kutoka Meru. Si mtu wa kelele, hana spika wala mafuta ya kuuza. Alifika Ijumaa mchana, akafunga bila kula, akamkalisha Lydiah sebuleni na mbavu zake zilizofungwa bandeji. Saa moja kasoro robo vikombe vikaanza. Harufu ikaja. Kithaka alikuwa amekaa pembeni, mikono katikati ya magoti.

Pasta hakupiga kelele. Aliinamisha kichwa karibu na uso wa Lydiah.

"Kwa jina la Yesu nakuuliza, wewe ni nani?"

Lydiah akainua uso, na sauti iliyotoka haikuwa yake. Ilikuwa nyembamba, ya msichana wa Siakago, ile iliyokuwa ikinisalimia dirishani. Iliongea Kimbeere.

"Mwulize huyo. Alinionyesha bendera."

"Unataka nini kwa mama huyu? Hajakukosea."

"Na mama yangu alimkosea nani?" Sauti haikupanda. "Amepiga magoti kwenye kokoto. Ameniita mahali sipo. Nimemsikia akiita na sikuweza kwenda, nimeona leso ikikunjwa bila mimi ndani. Nimebaki pale kwenye mvua, na hao wawili ndio wanaojua sikuangukia kijiani, basi nimewafuata. Wamenipokonya kwa mama asiye na makosa. Na mimi ninamchukua asiye na makosa, kidogo kidogo, ili waangalie."

"Hao wawili?" Nthiga aliuliza, akanigeukia.

Jinsi alivyonitazama mume wangu, heri angenipiga.

Pasta akamwomba yule roho, ndiyo, alimwomba, amwache Lydiah aketi jioni ile moja ili watu waongee. Vikombe vikatulia. Lydiah akalala kwenye kiti kama mtoto. Pasta akapangusa uso kwa kitambaa.

"Ndugu Kithaka," alisema, "pepo wa kufukuza nimewafukuza wengi. Huyu siwezi. Huyu ana haki yake kwenu. Nikimkemea nitakuwa nakemea ukweli. Nenda kwa mama yake, uungame, umpeleke mahali penyewe. Kwani kuna ugumu gani?"

Kithaka akainua uso.

"Pasta, nitafungwa."

"Utafungwa."

"Nina miaka sitini na moja."

"Na mkeo ana mbavu ngapi nzima?"

Kithaka akasimama, akatoka nje. Nilimfuata hadi kwenye shamba la muguka. Alikuwa anachuma majani bila kuyala, anayatupa chini.

"Shemeji," nilimwambia, "twende. Tuseme sote wawili."

"Wewe nyamaza," alisema kwa sauti ya chini. "Wewe ndiye uliyepiga kelele. 'Shemeji, tutaachwa, shemeji, tutaachwa!' Kama ungefunga huo mdomo ningengoja."

Ni kweli. Ni mimi. Hapo juu niliandika "mtu mmoja akapiga kelele" kwa sababu hata leo kalamu inakataa. Mtu huyo ni mimi.

*

Wiki ile yote Kithaka alikuwa anakataa na kukubali. Jumatatu alisema atakwenda. Jumanne alisema Pasta ni mtu wa kutafuta jina. Jumatano alimlipa fundi akaweka milango ya chuma, mbele na nyuma. Alhamisi alikaa kando ya kitanda cha Lydiah, akamlisha uji kwa kijiko, na Lydiah akamwuliza kwa upole, "Baba Igoki, ulifanya nini huko?" Akashindwa kumjibu, akalia hadi kijiko kikaanguka. Ijumaa asubuhi alimpigia Pasta Mwenda simu akasema amekubali, kesho Jumamosi alfajiri tutaondoka, yeye na mimi, kwanza Siakago kwa mama, halafu Mkongeni.

Pasta akasema, "Ondokeni leo."

"Kesho," Kithaka alisema. "Leo lazima niwe hapa nimshike."

Jioni ikafika. Alikuwa amemfunga Lydiah kwa shuka kitandani, akafunga mlango wa chuma kwa kufuli, ufunguo akauweka shingoni. Mimi na Nthiga tulikaa sebuleni. Jua lilikuwa linazama nyuma ya vilima, uwanja ulikuwa mwekundu, na kuku walikuwa wamepanda kulala mapema mno, bila sauti, wote wamegeukia ukuta.

Vikombe havikutetemeka. Ilikuwa ardhi. Ilianza mbali, upande wa barabara ya Kiritiri, ikaja chini ya shamba la muguka, ikaja chini ya ua, sakafu ikanguruma hadi meno yangu yakagongana, na harufu ya dizeli ikajaa sebuleni hadi taa ikafifia, na katikati ya mngurumo ule nikasikia kitu ambacho hakijawahi kusikika Gachoka tangu Mungu aiumbe, breki za treni zikilia chuma juu ya chuma, ndefu, ndefu, zikipungua, zikasimama mlangoni.

Mlango wa chuma ulikuwa wazi. Kufuli lilikuwa bado limefungwa, limening'inia kwenye pete.

Lydiah alitoka chumbani na mkoba begani. Kithaka akamrukia, akamshika kiunoni kwa mikono miwili, na mgongo wake ukawa upande wa mlango.

"Kesho!" alikuwa anasema usoni mwa mke wake. "Nimekubali, Wanjira, nimesema kesho, alfajiri, nitamwonyesha mama, naapa kwa Mungu, ngoja, ngoja kesho tu!"

Lydiah alimtazama. Sauti ya yule msichana ikasema bila hasira yoyote, na hilo ndilo linaniamsha hadi leo, ikasema kama mtu anayemkumbusha mwenzake jambo dogo:

"Mimi nilikwambia ngoja."

Nje kukawa na mwanga wa kijani. Sijui ulitoka wapi. Lydiah akaketi chini taratibu, mikononi mwa Kithaka hakukubaki kitu, naye akapiga hatua moja nyuma, hatua moja tu ya kujizuia asianguke, kwenye kile kidato cha shubiri, na mguu wake haukupata chini, nikaona macho yake yakinitafuta, nikaona mkono wake ukinasa kwenye kitu kisichoonekana pembeni ya mlango, na mngurumo ukaanza tena, na Kithaka akaondoka mbele ya macho yetu kwa ubavu, akiburutwa, visigino vikichora mchanga, kupita turubai, kupita choo, kupitia ua wa minyaa ambao haukutikisika hata tawi moja, hadi gizani kwenye shamba letu, akiita jina langu.

Tulimpata hatua mia mbili kutoka mlangoni. Sitaandika alivyokuwa. Daktari aliandika ajali ya gari, kwa sababu hakuwa na neno lingine. Chini ya mwili wake kulikuwa na kokoto, zile za buluu za reli, kama debe moja. Udongo wa Gachoka ni mchanga mwekundu. Nthiga alizichukua kokoto zile akazitupa mtoni, na hakuongea nami usiku huo wala siku saba zilizofuata.

*

Lydiah alipona. Ijumaa mbili zikapita kimya, watu wakasema imekwisha, amemchukua aliyemtaka. Mimi nilijua haijakwisha. Alisema hao wawili.

Nikaenda Siakago peke yangu. Mama Wanjira alikuwa anapepeta mtama nje ya nyumba. Nilipiga magoti kwenye makapi yake nikamwambia yote, bendera, karatasi, kelele yangu, kijia. Hakunipiga wala kunitukana. Aliendelea kupepeta hadi ungo ukawa mtupu. Kisha akaingia ndani, akatoka na ile leso.

"Binti yangu hakunywa," alisema.

"Hakunywa, mama."

"Utasema hivyo kanisani kwetu."

"Nitasema." Na nikasema, Jumapili iliyofuata, mbele ya watu wote, na kwaya ikaenda kaburini ikamwimbia. Polisi pia nimewaandikia. Wamesema nitaitwa.

Lakini mimi na Mama Wanjira tulipofika Mkongeni sikupatambua. Wamerefusha jukwaa. Kule mbele ambako kulikuwa na majani na mtaro sasa ni zege, mtaro umefukiwa, kokoto ni mpya. Na mimi jioni ile nilikuwa nyuma, karibu na dirisha la tikiti, nilisikia tu. Aliyejua mahali penyewe ni Kithaka. Tulianza mwanzo wa zege jipya, Mama Wanjira akipiga magoti, akiita mara tatu, akikunja leso, akiipima, akisimama, hatua moja mbele, tena magoti. Watu walituzunguka. Hadi saa kumi na mbili jioni alikuwa ameita mara sitini na kitu na magoti yake yalikuwa yanatoka damu kupitia nguo. Mahali pamoja alisita, akaniambia kwa sauti ndogo, "Hapa ni karibu." Aliinua leso. "Lakini si hapa." Karibu haitoshi. Askari wa stesheni akatuambia treni inakuja, tuondoke.

Ijumaa ya wiki iliyopita nilijikuta nimesimama mlangoni kwangu na mkoba wangu begani. Nilichubuka magoti. Jana ilikuwa Ijumaa tena, na mume wangu alinishika kwa nguvu zake zote, lakini mkono wangu wa kushoto umevunjika mahali pawili. Naandika kwa mkono wa kulia. Sisemi nimeonewa. Nahesabu tu wiki, na nimeona kwa Lydiah jinsi zinavyokwenda.

Kwa hivyo nakuomba wewe unayesoma. Kama ulipanda treni ya jioni Ijumaa ile ya mvua, Aprili mwaka juzi, na ulikuwa katika behewa la kwanza, ukashuka Mkongeni au ukaona dirishani mwanamke mwenye mkoba akianguka, basi unajua mahali. Hutashtakiwa, hukufanya kosa. Uliza Gachoka sokoni nyumbani kwa Nthiga, au uliza Siakago kwa Mama Wanjira, yeyote atakuelekeza. Njoo kabla ya Ijumaa, utuonyeshe alipoangukia.